Ithungu wa Kitabuni na Ithungu wa Kahawa

Wenzangu mliobaki mezani, mmeniomba niandike habari za miaka yangu kiwandani, nami najua mnachotaka. Hamtaki kusikia nilivyopanda cheo, maana jambo hilo linanichosha hata mimi mwenyewe. Mnataka habari za vitabu. Siku ya kuniaga, mkubwa wa ofisi alisema kwamba nimetumikia ubora wa kahawa ya milima yetu, na watu wakapiga makofi kwa adabu. Ni kweli nilisimamia kahawa. Lakini kazi iliyonifanya niwahi kufika kabla ya mlinzi ilikuwa kusoma riwaya za mapenzi kwa sauti, mimi Bwambale, mwanamume mzima na mzee wa kanisa, mbele ya ukumbi uliojaa wanawake. Na ningeambiwa leo nirudi kuifanya bure, mngenikuta getini.

Nilianza kama karani wa ghala Kasese mjini, kisha nikaletwa Bwera, karibu na mpaka, kusimamia ukumbi wa kuchambulia. Wageni huwa hawaijui kazi hii, kwa hiyo nieleze. Kahawa ikishakobolewa humwagwa juu ya meza ndefu, na wanawake wanakaa pande zote mbili wakitoa kwa vidole punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mikono inakwenda mbio, macho yanachoka, na akili haina la kufanya. Baada ya chakula cha mchana, joto la mabati likishuka kichwani, ukumbi mzima ulikuwa unasinzia huku vidole vikitembea. Punje mbovu zilikuwa zinapita kama wageni wa harusi ambao hakuna anayewauliza kadi.

Siku yangu ya kwanza nilifanya wanachofanya wasimamizi wapya wote, yaani nilitembeatembea nikipiga kelele. Kiongozi wa meza, Mama Kabugho, alinitazama mpaka nikamaliza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alikuwa amekaa mezani hapo tangu kiwanda kifunguliwe.

"Wewe unajua kusoma?" akaniuliza.

"Najua, mama."

"Basi soma. Hii watu inalala, na kelele yako ndiyo inawabembeleza."

Nilitafuta gazeti, nikakosa. Kitabu pekee kilichokuwepo kilikuwa kimekuja ndani ya mtumba wa blauzi alioufungua mmoja wa wanawake sokoni Mpondwe, naye alikuwa anakitumia kuziba ufa wa meza. Jalada lake lilikuwa na mwanamke aliyevaa gauni kubwa kama hema, ameketi juu ya gari la farasi, ameshika hatamu, na mwanamume mtanashati amekaa nyuma kama mzigo. Nilifikiri mchoraji amekosea. Nikafungua, nikaanza kusoma Kiingereza moyoni na kutoa Kiswahili mdomoni, sentensi kwa sentensi, nikikwama hapa na kuruka pale.

Mchoraji hakuwa amekosea. Mambo yale yalikuwa ya zamani sana, huko Ulaya. Baba wa msichana yule alikuwa dereva wa magari ya farasi, akapofuka, na binti akachukua hatamu kwa siri, akiwa amevaa koti la baba yake. Abiria mmoja, bwana mkubwa mwenye majivuno, akaanza kugombana na "dereva" njiani juu ya mwendo. Walipofika kwenye mto uliofurika, hatamu zikamtoka msichana, kofia ikaanguka, nywele zikaonekana, na hapo hapo kengele ya kufunga kazi ikalia. Hakuna aliyesimama. Nawaambia, kengele ya kwenda nyumbani ililia, na hakuna aliyesimama.

Nilikwenda nyumbani sauti imekauka, nikamsimulia mke wangu yote tangu mwanzo wa chakula mpaka mwisho wa kuosha vyombo.

"Halafu?" akasema.

"Sijui. Nimeishia hapo."

"Umekuja nyumbani bila kujua?" Alinitazama kama mtu aliyenunua nyama akaisahau buchani.

Yeye ndiye aliyenishawishi nirudi kiwandani kukichukua kitabu, na usiku ule tulisoma mbele sura nzima. Kesho yake sikufika hata ukurasa wa pili. Mama Kabugho aliacha kuchambua, akainua kidole. "Leo sauti yako inajua kitu," akasema. "Jana ulikuwa unaogopa pamoja na sisi. Leo unatuongoza kama watoto." Akatoa amri pale pale, na ikawa sheria ya ukumbi: kitabu kinalala kabatini pamoja na chekeche, na msomaji haruhusiwi kujua zaidi ya wasikilizaji. Sheria hiyo niliishika mpaka siku niliyostaafu. Mke wangu ilibidi awe anasubiri kama wengine, na kwa hilo alinilaumu miaka mingi.

Vifaa vya kazi havikuwa vingi. Nilikuwa na gunia la kukalia, miwani, na kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo inayochimbwa Kabatoro, kwa ajili ya koo. Nyinyi mtakaoendelea, msidharau chumvi ile. Kuhusu vitabu, wauza mitumba wote wa soko walishanijua. Riwaya ikiangukia kati ya suruali waliniwekea, nami nilikagua jalada kwanza. Mwanamke akiwa amezimia mikononi mwa mtu, nilikirudisha kitabu. Akiwa ameshika kitu chochote, darubini, nyundo, usukani wa meli, hata kuku, nilikichukua.

Ugumu ulikuwa kwenye kutafsiri. Theluji haikunisumbua kamwe, maana wanawake waliinua tu macho dirishani kutazama Rwenzori, wakasema sawa, tumeiona, endelea. Bahari ilitusumbua mpaka mama mmoja aliyeolewa kutoka Hamukungu, kijiji cha wavuvi, akatwambia tuchukue ziwa lake, tuondoe ng'ambo. Sidiria ya mifupa ya nyangumi, ile inayofungwa kamba mgongoni, nilieleza kwa mikono na jasho likanitoka. Mwisho Mama Kabugho akaamua kwamba ni adhabu, na kwamba msichana wa kitabu lazima alifanya kosa ambalo mwandishi ameficha. Mabusu nayo yalikuwa shida ya aina yake. Kati ya wasikilizaji wangu kulikuwa na mama mkwe wa ndugu yangu, sasa ningeyatamkaje? Nikaanza kukohoa. Kikohozi kimoja kilikuwa busu. Nikikohoa mfululizo, walijua tutakutana sura inayofuata, mimi nikishapata nguvu.

Majina ya kizungu yaliwashinda, wakayatupa. Kwetu Wakonzo mtoto huzaliwa jina lake likimsubiri: msichana wa kwanza wa mama yake ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Hata mtoto aliyefariki mchanga anahesabiwa, nafasi yake hapewi mwingine. Kwa hiyo kila nilipofungua riwaya mpya, kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, meza ya mbele iliuliza, "Ni wa ngapi huyo?" Nami niliwinda katika maandishi mpaka nijue. Yule dereva alikuwa Masika. Yule aliyechora ramani za milima akiwa amepanda nyumbu alikuwa Biira. Mpaka leo mtu akinitajia vitabu hivyo simkumbuki hata mmoja kwa jina aliloandikiwa na mwandishi wake.

Mtu mmoja wa kanisani aliwahi kuniuliza kwa upole ni kitu gani tunachopata humo. Nilimjibu vibaya siku ile kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kusoma. Sasa nina nafasi, acha nijibu vizuri. Katika riwaya nyingine za mapenzi, msichana anakuwa mzuri tangu mstari wa kwanza, halafu anakaa kusubiri. Hawa wetu hawakukaa. Mapenzi yaliwakuta mikono imejaa kazi, na mwanamume ilibidi awatafute huko huko, kwenye matope, kwenye moshi, juu ya ngazi. Wasikilizaji wangu nao mikono yao ilikuwa na kazi. Wengine walikuwa na umri uliopita ule ambao watu huuita wa kuolewa, wengine wakubwa wa mwili, wengine wenye kucheka kwa sauti, na humo vitabuni walikuta mtu wa namna yao anapewa kurasa mia tatu. Na kwa kuwa mambo yenyewe ni ya zamani na ya mbali, waliweza kusema ya moyoni bila kumgusa jirani. Wakimtukana baba wa kitabu aliyemnyima binti shamba, hakuna baba wa Bwera aliyeweza kuja kulalamika. Nimesikia mezani pale maneno juu ya ndoa na urithi ambayo sikuwahi kuyasikia kwenye kikao chochote, na yote yalianzia kwa yule dereva mwenye koti la baba yake.

Sasa nije kwa Ithungu wetu. Alitoka Munkunyu, msichana wa tano kati ya sita, mrefu, ameshapita miaka thelathini, hajaolewa. Alikuwa na pua ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Akichambua, alikuwa anainua punje anainusa, anasema hii ilikaa kwenye gunia lenye unyevu. Wakubwa walipomsikia wakamchukua chumba cha kuonjea, ajifunze, akawa mwanamke wa kwanza kushika kijiko humo. Mnajua waonjaji wanavyofanya: wanavuta kahawa kwa mlio mkali kama mtu anayerarua kitambaa, wanaizungusha mdomoni, halafu wanatema ndooni. Ithungu alivuta kwa mlio kuliko wanaume wote, na tulimsikia mpaka ukumbini. Saa ya kusoma alirudi kwetu, kijiko kikiwa mfukoni mwa aproni.

Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mjane, aliyehamia Bwera na kununua kahawa kwa wakulima wa pande zote mbili za mpaka. Mara ya kwanza alipoleta kahawa yake ionjwe, Ithungu alivuta kijiko, akatema, akamwambia mbele ya watu kwamba imekaushwa karibu na jiko. Kambale aliondoka amenuna. Wiki iliyofuata alirudi na kahawa nyingine. Baadaye akawa analeta hata ya kujaza kikombe tu, ambayo hakuwa na mpango wa kuiuza, ili mradi aambiwe kasoro zake. Kiwanda kizima tulielewa kabla yeye mwenyewe hajaelewa. Ithungu naye alielewa, na siku ambazo Kambale hakuja, mlio wa kijiko ulikuwa mdogo.

Wakati huo tulianza kitabu ambacho nitakufa nacho moyoni. Mwanamke wa humo alikuwa binti wa mchungaji maskini wa kanisa katika nchi ya baridi, mikono mikubwa, aliyefundishwa kuunga mifupa na mzee mmoja wa kutengeneza viatu vya farasi. Waliovunjika walimwendea usiku na mchana, na watu wa heshima walimsema. Siku moja lodi mmoja kijana, mwana wa wakubwa wa huko, akaanguka na farasi, mguu ukavunjika, na hapakuwa na daktari karibu. Msichana akamwekea mkanda mdomoni, akamwambia aume, akavuta mguu. Lodi akalia kama mbuzi, akazimia. Alipozinduka akaona ile mikono inamfunga vitambaa, na hapo akawa amekwisha.

Hesabu yangu ilionyesha kwamba msichana huyu ni wa nne, tukamwita Mbambu. Tuliishi na Mbambu muda mrefu. Halafu, katikati ya kitabu, akaenda makaburini na mama yake kupeleka maua kwenye kaburi dogo: dada yake mkubwa, aliyefariki akiwa na siku chache. Niliitafsiri sentensi ile bila kufikiri. Vidole vyote mezani vikasimama.

"Rudia," akasema Mama Kabugho.

Nikarudia.

"Basi wamezaliwa watano. Huyu si Mbambu. Tumemwita jina la dada yake mwezi mzima."

Mnaweza kucheka, lakini ukumbini hakuna aliyecheka. Waliona aibu ya kweli, kana kwamba tumemkosea mtu aliye hai. Kisha, meza kwa meza, vichwa vikageuka polepole kumtazama Ithungu wetu aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi. Tangu saa ile mwanamke wa kitabuni na mwanamke wa Munkunyu walikuwa na jina moja, na kila nilichosoma kilimwangukia yeye. Mimi nilisisimka. Sikuwahi kuwa na kitabu kilichokaa kati yetu namna ile.

Siku chache baadaye nilifika mahali ambapo lodi, akiegemea fimbo, anamfuata msichana bustanini. "Ithungu akasimama karibu na ua," nikasoma. "Lodi akamshika mkono. Ithungu hakuuondoa." Nikakohoa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mlango ukafunguliwa, na Kambale akaingia, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Samahani, patron," akaniambia. "Nilikuwa hapa inje, nangoja batu ya mizani. Nasikia munasema Ithungu ako mu jardin na lodi. Niko nauliza tu na heshima. Huyu lodi njo nani? Iko na duka wapi?"

Sijui kicheko kile kilidumu kwa muda gani. Mama mkwe wa ndugu yangu aliangusha ungo. Ithungu alikuwa amefunika uso na aproni, mabega yanaruka.

"Keti, mwanangu," Mama Kabugho akamwambia. "Lodi iko ndani ya kitabu."

"Na Ithungu?"

"Hata yeye iko ndani ya kitabu. Mwingine iko pale, anakutazama."

Kambale akaketi juu ya gunia, akafikiri, kisha akauliza, "Na mugulu ya lodi, ilipona?" Kuanzia hapo alikuwa anakuja kila saa ya kusoma. Alikaa karibu na mlango, akimtetea lodi kila aliposemwa, na wanawake walimjibu wote kwa pamoja.

Baada ya majuma kadhaa alileta posa. Hapo furaha yetu ikaingia mchanga. Ukoo wake ulimkubali Ithungu, ila ukaweka sharti moja, na Kambale mwenyewe, akitazama chini, alilifikisha: aache chumba cha kuonjea. Mke wa nyumba yao hawezi kuvuta vijiko kwa mlio na kutema mate ndooni kati ya wanaume. Wageni wangekuja Jumapili kupokea jibu. Baba yake Ithungu alikuwa ameshafariki, na familia ikaniomba mimi niwe msemaji wao.

"Unampenda?" nilimuuliza.

"Nampenda sana, baba. Na kijiko nakipenda. Sijui ni mkono gani nikate."

Na kama vile mwandishi alikuwa anatuchungulia, juma lile lile mama wa lodi akamwambia binti wa mchungaji kwamba mke wa mtu mkubwa hagusi miguu ya wakulima. Lodi alinyamaza. Sura iliisha. Zilibaki kurasa chache, na Ijumaa tungemaliza. Wanawake walinisihi nichungulie mwisho, Ithungu ajue. Hata mlinzi, aliyekuwa askari zamani, alinisimamisha getini. "Afande, fungua ile kitabu. Hii ni dharura." Nilimtazama Mama Kabugho. Akatikisa kichwa. "Akae na hofu yake pamoja na sisi," akasema. "Hofu ya watu wengi inabebeka."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kambale alikuwa mlangoni, na Ithungu mwisho wa benchi. Nilisoma lodi akija kwenye nyumba ya mchungaji, akapiga goti kwa mguu uliounganishwa, akamwuliza, "Utaiacha kazi hiyo kwa ajili yangu?" Jicho langu likatangulia mstari, nami nikaona jibu kabla mdomo haujalifikia. Msichana anakubali. Anaweka vitambaa na vipande vya mbao ndani ya sanduku, analifunga, anampa lodi ufunguo. Kengele za kanisa, maua, mwisho.

Wenzangu, Kiswahili kilikuwa mdomoni mwangu peke yangu. Ningeweza kumfanya akatae, na wachache sana wangejua. Nilitamani hivyo kwa moyo wote. Lakini mtu aliye karibu kukata shauri la maisha yake hupewa maneno yalivyo, la sivyo hapewi kabisa heshima yake. Nikasoma yalivyo, mpaka ufunguo, mpaka kengele. Nilifunga kitabu nikiwa na hasira na mwandishi ambaye sikumjua.

Ikawa ghasia. Mmoja alisema mwandishi alichoka. Mwingine alisema alilipwa na mama wa lodi. Ithungu akasimama, na wote wakanyamaza.

"Baba, rudia pale anauliza."

Nikafungua tena. "Utaiacha kazi hiyo kwa ajili yangu?"

"Hapana," akasema Ithungu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mlangoni. "Ulikuja kwangu mguu imevunjika. Sasa mguu imepona, unataka mikono ilale? Mimi nakupenda. Lakini hapana."

Kambale alivaa kofia yake, akatoka. Ithungu alibaki amesimama, halafu akaenda chumba cha kuonjea, na tulimsikia akilia humo. Siku ile punje mbovu zilipita nyingi, na sikumkemea mtu.

Jumapili wageni wakaja Munkunyu. Baba mdogo wa Kambale, mzee mwembamba aliyekuja kutoka Butembo kwa shughuli hiyo, alizungumza kwa upole akarudia sharti. Kambale alikaa nyuma yake kimya, kwa kuwa bwana harusi hana ruhusa ya kusema siku hiyo. Nikageuka kuuliza jibu la binti, nikijua litakavyokuwa.

Ithungu alitoka ndani, ambako alipaswa kukaa. Akapiga magoti mbele ya mzee, akamsalimu.

"Baba, jibu langu ni refu. Utanisikiliza?"

"Niko nasikiliza, mutoto."

"Zamani, kwa nchi ya baridi, kulikuwa binti ya pasta, wa tano kwa mama yake."

Na akasimulia. Aliyataja yote, mikono, farasi, mkanda wa kuuma, kaburi dogo, bustani. Mashangazi walikuja kutoka jikoni na vijiko mikononi. Mzee alianza amenyooka, akaishia ameinama mbele, kidevu juu ya fimbo. Ithungu alipofika kwenye swali la lodi, aliliuliza kwa sauti ya lodi, akajibu kwa sauti yake mwenyewe, hapana, kama alivyojibu Ijumaa. Kisha akaishia hapo.

"Na lodi?" akauliza mzee. "Alisema nini?"

"Hiyo sijui, baba," akasema Ithungu. "Kwa kitabu haiko."

Mzee alinitazama mimi, nami nikatikisa kichwa. Hapo Kambale, ambaye hakuwa na ruhusa, akavua kofia.

"Lodi alirudia kwake," akasema. "Hakulala siku mbili. Aliwaza: mimi nilimupenda juu ya hii mikono. Nikiifungia mu sanduku, nitabakia napenda nini? Donc, basi, akarudia kwa pasta. Akaambia pasta, 'Mukubwa wangu, samahani.' Akasema, 'Ithungu, kaa na mikono yako. Mimi njo nitakuja pale mikono iko.'" Mzee akainua kidevu kutoka kwenye fimbo, akaniambia, "Basi, ile sharti tumeitoa."